Changu Tunamjua, Mnyoo Hatumjui

Hotuba kwa wanafunzi wa sayansi, wavuvi na wageni waalikwa, Tanga

Mwenyekiti wa shughuli, walimu wenzangu, wazee wangu wavuvi mliotoka Sahare na Chongoleani, mama zangu wa ufukweni, na nyinyi vijana mliobanana huko nyuma: wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu, na wote habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie miaka yangu ya kazi kwenye miamba ya matumbawe. Barua ya mwaliko ilipendekeza niseme juu ya uzuri wa bahari yetu. Mtaniwia radhi, uzuri nimeuacha nyumbani. Upo kwenye kalenda za mahoteli, na wapiga picha wanaueleza vizuri kuliko mimi. Mimi umri wangu wa kazi umekwenda kwa minyoo. Minyoo wa baharini, wenye vinyweleo mbavuni, wanaokaa ndani ya matundu ya mawe na ndani ya tope. Na pamoja nao kaa na kamba wadogo ambao hawazidi ukucha wa kidole gumba. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, aliwatangazia majirani kwamba mimi ni daktari wa minyoo. Nilirudi likizo moja nikamkuta mama na mtoto wake wananisubiri barazani, wanataka dawa.

Jambo langu leo ni moja. Sakafu ya bahari yetu tumejifunza kuipima, lakini wanaokaa juu yake na ndani yake hatuwajui. Changu tunamjua, pono tunamjua, na tabia za pweza hata mtoto wa darasa la pili wa hapa pwani atakueleza. Ukishuka chini ya hapo, ni giza. Giza hilo lina gharama, na gharama yake haiwaangukii wanazuoni peke yao.

Nianze na namna tunavyopima. Mtafiti wa mwamba hushuka na utepe, akautandika juu ya matumbawe, akaogelea taratibu akiandika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki: hapa tumbawe hai, hapa lililokufa, hapa mwani, hapa mchanga. Akipanda juu hupiga hesabu na kutoa jibu kwa asilimia. Fungua ripoti yoyote ya miamba ya pwani hii, kutoka Lamu hadi Mtwara, utaikuta namba hiyo. Ni kazi halali, nami nimeifanya miaka na miaka. Shida inaanza pale watu wanapodhani kwamba wakishaipata namba, wameujua mwamba.

Wenye umri wangu mnaukumbuka mwaka 1998 kwa mvua za El Niño, barabara zilizokatika na madaraja yaliyochukuliwa na maji. Baharini nako kulikuwa na msiba, ila wengi hawakuuona. Vijana, mjue kwamba tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake hupanga mwani wa chembe moja. Mwani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenye nyumba. Basi joto la maji likizidi lile la mwezi wa joto kuliko yote kwa nyuzi 1 tu, na likakaa hivyo kwa wiki kadhaa, mkataba unavunjika. Tumbawe linamfukuza mpangaji wake, nyama inabaki haina rangi, na chokaa nyeupe inaonekana kwa ndani. Ndiko kupauka. Hapo bado lipo hai, linashinda na njaa. Joto likishuka mapema linaweza kupona. Lisiposhuka, linakufa.

Mwaka ule, kuanzia Machi, joto halikushuka. Nilikuwa msaidizi kijana wa utafiti, kazi yangu kubeba mitungi na kushika ncha ya utepe. Kisiwani Mafia, kwenye mwamba wa Kitutia, matumbawe ya matawi, yaani Akropora, yalikuwa yamesongamana hata mchanga huuoni. Mengi mno yalikufa. Kwa dunia nzima ilikadiriwa kwamba asilimia 16 ya matumbawe iliangamia katika tukio lile moja, na bahari yetu hii, Hindi ya Magharibi, ndiyo iliyoumia kuliko nyingine zote.

Sasa sikieni kioja. Watafiti waliokuwa wakihesabu samaki Kitutia kabla ya upaukaji walirudi kuhesabu baada yake, wakakuta samaki wameongezeka. Mvuvi mmoja aliniambia, nyinyi mnalia nini, mbona mambo mazuri? Mifupa ya matumbawe yaliyokufa ilikuwa imeota mwani, na samaki wanaokula mwani walikuwa kwenye karamu. Ukihesabu samaki jumla jumla utaandika kwamba mwamba umepata nafuu. Ukiuliza ni samaki gani, utaona kwamba wale wanaokaa ndani ya matawi mabichi na kula nyama ya tumbawe hawapo tena, na kwamba karamu yenyewe ina mwisho, kwa sababu mifupa ya matawi huoza, ikabomoka, ikawa kokoto. Swali la "wangapi" lilitupa jibu tamu. Swali la "nani" ndilo lililotupa jibu la kweli.

Na kwa matumbawe yenyewe ilikuwa hivyo hivyo. Akropora walikwenda. Yale makubwa ya duara, Poritesi, ambayo babu zetu waliyachonga mbichi wakatia nakshi mihirabu na milango ya Kilwa, mengi yalistahimili. Miamba miwili inaweza kuwa na asilimia 30 ya tumbawe hai kila mmoja: mmoja ni wa matawi yanayokua sentimita 10 kwa mwaka na kufa kwa joto la wiki chache, mwingine ni wa mabonge yanayokua kama sentimita 1 kwa mwaka na kuishi karne kadhaa. Kwenye ripoti wanafanana.

Mtasema, basi tuongeze jenasi, yaani kundi la spishi ndugu, kwenye fomu, yaishe. Laiti. Yupo mtaalamu wa Kimarekani, Nancy Knowlton, aliyefanya kazi Smithsonian, taasisi ya makumbusho na utafiti ya huko kwao, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanyia Panama. Katika Karibi kulikuwa na tumbawe kubwa lililohesabiwa kwa miaka mingi kuwa spishi moja, mjenzi mkuu wa miamba ya kule, lililochunguzwa pengine kuliko tumbawe lolote duniani. Mwaka 1992 yeye na wenzake wakaonyesha kwamba ni spishi tatu, zinaishi pamoja, kila moja na mwendo wake wa kukua. Fikirini ni tafiti ngapi zilikuwa zimechanganya ndugu watatu zikawaita mtu mmoja.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi? Njooni Malindi. Tumbawe la duara likikua hujiwekea tabaka mwaka hadi mwaka, na ndani ya chokaa ya kila tabaka huacha kumbukumbu ya maji ya mwaka ule. Mwaka 2000 Julia Cole na wenzake, akiwamo Nyawira Muthiga wa Kenya, walichapisha historia ya joto la bahari ya Malindi kuanzia mwaka 1801 hadi 1994, yote imesomwa kutoka kwenye kijiti kimoja cha tumbawe kilichotobolewa kwa keekee. Miaka saba baadaye wengine wakasoma madini ya bariamu kwenye tumbawe la huko huko lenye umri wa miaka 300 hivi, wakaona udongo unaoletwa na mto Sabaki. Kwa takriban karne mbili ni kidogo na hauyumbi. Kisha mwanzoni mwa karne ya ishirini unaanza kupanda, na baada ya 1920 unapaa. Ardhi ya bara ilivyofyekwa na kulimwa upya zama za Mwingereza imeandikwa ndani ya jiwe baharini. Mimi huwa nasema hakuna hazina ya nyaraka nchini Kenya inayolishinda tumbawe lile kwa uaminifu. Lakini kitabu hicho kinasomeka tu kama unamjua mwandishi wake. Ndugu watatu wa Karibi wanakua kwa mwendo tofauti. Ukimtoboa mmoja ukidhani ni mwingine, hesabu ya joto inapotoka.

Kenya pia ndiko lilikotoka somo ninalolipenda kuliko yote, nami nalisimulia kila nipewapo nafasi. Kuanzia miaka ya 1980 Muthiga na Tim McClanahan walikuwa wakilinganisha miamba ya hifadhi, kama Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka 1968, na miamba inayovuliwa kila siku. Kwenye miamba inayovuliwa walikuta yule mnyama wa miiba, urchini, amejaa kila ufa. Huyu si mla mwani tu. Meno yake yanakwangua na chokaa, hivyo wakiwa wengi wanautafuna mwamba wenyewe, na pono na tasi wanakosa malisho. Kwenye hifadhi urchini walikuwa wachache. Kwa nini? Kwa sababu yupo samaki mwenye meno magumu ambaye huwang'oa na kuwapasua. Huyo ni kikande, na hasa kikande mmoja mwenye mistari ya machungwa. Kikande ana tamaa ya chambo, anaingia lema bila kufikiri mara mbili, kwa hiyo mwamba ukianza kuvuliwa sana yeye ni miongoni mwa wa kwanza kutoweka. Hakuna aliyeamka siku moja akaamua kubomoa mwamba wa Kenya. Watu walikuwa wanatafuta kitoweo. Waliuondoa mlango mmoja tu, na mlango huo una jina, lakini hapakuwa na mtu aliyekuwa amekaa chini kuuliza huyu samaki asiye na bei anafanya kazi gani.

Wazee wangu, mnatikisa vichwa. Najua mlikuwa mnajua. Mara nyingi mlikuwa mnajua, tatizo hatukuwauliza.

Sasa nishuke kwenye waliojificha. Nimesema tunaandika "tumbawe lililokufa" kwenye kibao na kupita. Siku moja lichukueni bonge moja la tumbawe lililokufa, la ukubwa wa kichwa cha mtu, mlipasue taratibu ndani ya beseni. Kinatoka kijiji kizima. Knowlton na wenzake, akiongoza Laetitia Plaisance, walifanya hivyo kwenye bahari zote za joto: walikusanya mabonge ya tumbawe lililokufa, na mahali pengine wakaweka minara ya vibao vya plastiki sakafuni ili viumbe wahamie wenyewe. Eneo lote walilochunguza lilikuwa mita za mraba 6.3. Mwaka 2011 walitangaza kwamba humo walipata spishi 525 za jamii ya kaa na kamba peke yake. Minyoo hawamo katika hesabu hiyo. Konokono hawamo. Sifongo hawamo. Kwa hiyo ukiniuliza mwamba uliokufa una thamani gani, nitakuambia kwamba kwa baadhi yetu ndiko kwenye watu.

Na hao waliojificha si wapita njia. Nitataja sifongo tu, tena kwa ufupi. Maji ya mwamba wa matumbawe ni meupe kwa sababu hayana rutuba, na tangu enzi za Darwin watu wamejiuliza maisha tele namna ile yanakula nini. Mwaka 2013 Jasper de Goeij na wenzake, wakifanya kazi Curaçao, walionyesha sehemu ya jibu. Sifongo walio ndani ya mapango madogo ya mwamba hunyonya ute na sukari zilizoyeyuka majini, ambazo wanyama wengi hawawezi kuzila, wakazigeuza kuwa chembe za miili yao, kisha chembe hizo wakazipukutisha. Minyoo na kaa huziokota, samaki huwala minyoo na kaa, na changu wako ameanzia huko. Sijawahi kuona ripoti ya uvuvi iliyomtaja sifongo wa pangoni.

Hapa niwachokoze rafiki zangu wanaopanda matumbawe, maana siku hizi kila mwenye kilabu cha kuzamia ana shamba la matumbawe na picha zake mtandaoni. Mnapanda vipande kwenye vyuma, mnaomba fedha kwa kila kipande. Vizuri. Lakini kwenye matawi ya tumbawe liitwalo Posilopora huishi kaa wadogo wa jenasi ya Trapezia, wawili wawili, dume na jike, na nyumba yao wanailinda. Nyota bahari wa miiba akija kulila tumbawe, wanamkamata miguu na kumbana hadi aondoke. Na si ulinzi tu. Huko Moorea, Polinesia ya Kifaransa, watafiti waliwaondoa kaa kwenye baadhi ya matumbawe ya matawi, na mengi ya matumbawe hayo yakafa kwa kufunikwa na mchanga ambao kaa walikuwa wakiufagia. Sasa niambieni, kwenye shamba lenu kaa wangapi? Nikiuliza swali hili kwenye mikutano huwa kimya.

Baruti siisemi sana. Tanga mmeisikia kuliko mimi. Mwaka 2015 vinasa sauti vilipitishwa majini kwenye pwani ya Tanzania na kurekodi milipuko zaidi ya 300 katika muda wa kama mwezi mmoja tu, mingi ikiwa karibu na Dar es Salaam. Baadaye serikali iliunganisha vyombo vyake, na milipuko imepungua sana. Nitaongeza hili: aliyepiga baruti alidhani anaua samaki, na serikali ilidhani inawalinda samaki. Kilichobaki ni kokoto inayobingirishwa na mawimbi, na mtoto wa tumbawe hawezi kushika kwenye jiwe linalobingirika. Ndiyo maana kuna mahali palipolipuliwa miaka mingi iliyopita ambapo hadi leo panaonekana pamelipuliwa jana.

Naja nyumbani kwenu hasa. Desemba 1938, kule East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, dada wa makumbusho, aliona samaki wa ajabu kwenye rundo la meli ya uvuvi. Wanasayansi walikuwa wanajua jamaa zake kwa visukuku tu, wakadhani ukoo mzima ulitoweka zama za dinosaria. Silikanti. Wa pili hakupatikana hadi 1952, huko Komoro. Na kuanzia mwaka 2004 wakaanza kuingia kwenye majarife ya hapa Tanga, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu jarife lilikuwa linatupwa kwenye kina kirefu zaidi kumfuata papa. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Chunguzi za magamba yake zilizotoka 2021 zinaonyesha kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, na kwamba mimba yake huchukua miaka kama mitano. Samaki wa kudumu karne moja, akikaribia urefu wa mita 2 na uzito wa kilo 90 na ushei, alikuwa jirani yetu kwenye magenge ya chini ya maji hapo nje, na hakuna kitabu kilichomwandika kwamba yupo Tanzania mpaka juzi juzi. Kama huyo alitupita, mnyoo wa milimita mbili je?

Na mnyoo, jamani, ana kazi mjini. Septemba 1969, huko West Falmouth, Massachusetts, Marekani, tishari lilikwama kwenye mawe na kumwaga mafuta yanayokaribiana na dizeli. Karibu na hapo ni Woods Hole, penye wanasayansi wa bahari wengi, wakaanza kuchota tope mwezi kwa mwezi. Karibu kila mnyama wa topeni alikufa, isipokuwa mnyoo mmoja mwekundu mwembamba, Capitella capitata, ambaye alizaana kupita kiasi, kisha hali ilipotulia akapungua. Mnyoo huyu alikuwa anajulikana dunia nzima: ukimkuta kwa wingi, ujue maji yamechafuka. Alikuwa kipimo cha uchafu. Lakini Judith Grassle na mumewe Frederick hawakuridhika. Waliwafuga, wakachunguza protini zao, na mwaka 1976 wakatangaza kwamba kipimo kile kimoja ni spishi sita, ambazo kwa macho huwezi kuzitenganisha, lakini kila moja inazaa kwa namna yake na kwa majira yake.

Yule Frederick Grassle hakuishia ufukweni. Pamoja na Nancy Maciolek alichukua tope la kina cha zaidi ya mita 1,500 nje ya New Jersey na Delaware, mahali palipodhaniwa ni jangwa. Sampuli 233, jumla yake kama mita za mraba 21 za sakafu. Mwaka 1992 wakatoa hesabu: spishi 798, zaidi ya nusu hazijawahi kuandikwa popote. Makadirio yake ya jumla kwa bahari kuu, spishi milioni 10, yalipigiwa kelele, na mimi pia naona yalikwenda mbali. Lakini zile 798 hakuna aliyeweza kuzikana, kwa sababu zilikuwa kwenye chupa, kila moja na karatasi yake.

Kwenye chupa. Nataka neno hilo mliweke moyoni, maana ndipo tulipo uchi. Sisi tulichotewa mapema. Meli ya Kijerumani Valdivia ilipita pwani hii mwaka 1899. Cyril Crossland, Mwingereza, alikaa Zanzibar na pwani ya Kenya mwaka 1901 na 1902 akikusanya wanyama wa bahari, wakiwamo minyoo, na maelezo yake juu ya minyoo hao bado nayatumia. Mwaka 1933 na 1934 ikaja meli ya Kimisri, Mabahiss, na mabaharia wake Wamisri. Kazi nzuri zote hizo. Ila chupa zilikwenda Ulaya. Sheria ya sayansi ni kwamba jina la spishi linashikwa na sampuli ile ya kwanza iliyoelezwa. Ukitaka uhakika kwamba mnyoo wako wa Tanga ndiye yule wa Crossland, lazima umlinganishe na yule aliye kwenye chupa. Siku hizi picha zinasaidia, na wahifadhi wengi ni watu wema wanaojibu barua. Lakini picha haihesabu vinyweleo vya pingili ya kumi na nne.

Najua vijana mtaniambia habari ya vinasaba. Siku hizi unachota lita moja ya maji, unachuja, unasoma vinasaba vilivyomo, kompyuta inakuorodheshea wakazi. Naipenda teknolojia hii na ninaitumia. Ila kompyuta inalinganisha na maktaba, na maktaba imejazwa na watu walioshika mnyama, wakamtambua, wakamhifadhi, kisha wakasoma vinasaba vyake. Kwa pwani yetu maktaba ina mashimo. Mara nyingi ukituma tope letu unarudishiwa orodha ndefu iliyoandikwa: mnyoo, hajatambuliwa, mnyoo, hajatambuliwa, kaa, hajatambuliwa. Umelipa fedha nyingi kuambiwa ulichokuwa unakiona kwa macho.

Chongoleani hapo linafikia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, urefu wa kilomita 1,443. Sikuja kubishana kama lilistahili kujengwa. Nauliza swali la daktari wa minyoo: siku mtu akisema tope la ghuba limeharibika, na mwingine akisema lilikuwa hivyo hivyo tangu zamani, nani atatoa chupa mezani? Tathmini za mazingira huandikwa, na nyingine nimezisoma. Nimeona moja, ya mradi nisioutaja na mahali nisipopataja, ambamo orodha ya wanyama wa topeni ilikuwa na mnyoo wa bahari ya Norway, kwa sababu aliyewatambua alitumia kitabu cha Ulaya, kile tu alichokuwa nacho. Orodha ya namna hiyo mahakamani haisimami hata dakika tano.

Hali ya miamba yenyewe hainipi muda wa kuwabembeleza. Mwishoni mwa 2021 David Obura na wenzake walitathmini miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi Magharibi yote, wakaigawa katika kanda 11, na kila kanda wakaikuta imo hatarini kuporomoka ndani ya miaka 50 ijayo, kwa joto na kwa uvuvi wa kupita kiasi. Aprili 2024 ukatangazwa upaukaji wa nne wa dunia, na huku kwetu maji yalipanda joto pia. Lipo la kushika: mkondo wa Pemba una kina kirefu, maji baridi hupanda kutoka chini, na kuna sehemu kati ya Pemba, Tanga na kusini mwa Kenya ambapo matumbawe yameonekana kustahimili kuliko kwingine. Kama ni kweli kwamba hapa ndipo penye kimbilio, basi wanaokimbilia hapa ni akina nani? Sisi tunaokaa mlangoni ndio tunaopaswa kuwa na orodha.

Kazi ninayowaombea ni hii. Mmoja wenu achague sifongo. Mwingine achague kaa wadogo. Mwingine konokono wasio na kombe. Achague kundi moja, aliparamie miaka kumi, ishirini, mpaka watu wa Mauritius na Msumbiji wakipata wasiyemjua wampigie yeye simu. Hamtaona tangazo la ajira linalosema anatakiwa mtaalamu wa sifongo. Mtaajiriwa kama maofisa uvuvi, walimu, washauri wa mazingira, na sifongo mtamfanya jioni na Jumamosi, kama mimi nilivyofanya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Fedha za utafiti zipo kidogo. WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari hii kilichopo Unguja tangu miaka ya 1990, kimewasaidia wengi wa kizazi changu na chenu. Andikeni maombi mafupi, ombeni spiriti, chupa na hadubini, msianze kwa kuomba boti. Boti watu watawapa lifti. Mimi nimezamia kutoka kwenye ngalawa za wazee hawa miaka mingi kwa gharama ya chai na vitumbua.

Na chupa zenu zikae nchini. Tafuteni kabati, chumba chenye kufuli, mtu mmoja anayejua kuongeza spiriti kabla haijakauka. Nimeona mkusanyiko wa miaka mingi wa taasisi moja ukitupwa kwa sababu chumba kilihitajika kwa ajili ya mikutano. Sitaki kuona mwingine.

Wanafunzi, mkitoka nje, karibu na mlango kuna beseni la buluu. Ni tope nililochota asubuhi hii Sahare, maji yalipokupwa. Kuna chekecheo la nusu milimita, vibano, na hadubini tatu. Msimwage maji chumvi kwenye lenzi. Atakayenipatia mnyoo mwenye magamba mgongoni atajieleza kwangu, nina kitabu cha kumwazima.

Mwenyekiti, nimemaliza. Mzee pale mbele amenyosha mkono tangu nilipotaja jarife, naomba apewe kipaza sauti yeye kwanza.